Leza ya mkononi ya kujiundia nyumbani: nyekundu, kijani, zambarau au ile ya draivu ya DVD?

Ukitaka kujiundia leza ya mkononi hapa Moshi kwa pesa kidogo, njia ni nne. Kuna moduli nyekundu ya miliwati 5, kile kibomba cha shaba chenye waya mbili ambacho wanafunzi wa Arduino (vile vibao vya kujifunzia elektroniki) wanakifahamu. Kuna ya kijani, inayompendeza kila anayeuona mwale wake usiku. Kuna ya zambarau. Na kuna ile ambayo vijana wananiuliza kuliko zote: kufungua draivu ya DVD ya kompyuta iliyokufa na kutoa diodi yake, yaani kile kipande kidogo kinachotoa mwanga wa leza. Mimi ni fundi redio, na leza nazifanya jioni baada ya kufunga kibanda, mwaka wa tisa sasa. Tatu kati ya hizo nne nimeziunda. Ya nne nimeikataa, na sababu nitaieleza kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayoweza kumgharimu mtu jicho.

Uliza miliwati kabla ya rangi

Wengi wakija huuliza leza inafika umbali gani, au kama inawasha kiberiti. Swali la kwanza lingekuwa hili: ina miliwati ngapi? Leza zimegawanywa kwa madaraja ya hatari. Inayoonekana na isiyozidi miliwati 1 ni daraja la 2. Kuanzia hapo hadi miliwati 5 ni 3R. Kutoka 5 hadi 500 ni 3B, na ikivuka 500, yaani nusu wati, ni daraja la 4. Marekani, kalamu ya leza ya kuonyeshea haitakiwi kuvuka miliwati 5. Uingereza wanashauri ya mtu wa kawaida isipite 1.

Miliwati 5 masikioni ni kitu kidogo mno, hata kitaa cha redio kinakula zaidi ya hapo. Lakini jicho ni lenzi. Mwale wa leza huingia ukiwa umenyooka, na lenzi ya jicho huukusanya wote kwenye nukta moja ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ukilitazama jua, picha yake ndani ya jicho ina upana wa karibu milimita 0.16. Nukta ya leza huwa kama milimita 0.02 tu. Kwa hiyo hata miliwati 1 ya leza, pale inapotua, inakuwa nzito kuliko jua la saa sita mchana.

Kinachotuokoa ni kope. Mwanga mkali ukiingia, tunafumba au kugeuza uso ndani ya robo ya sekunde hivi. Kwa daraja la 2 robo hiyo inatosha. Kwa 3R inatosha mara nyingi, si kila mara. Kwa 3B yenye nguvu, kope zinafunga wakati jeraha limeshaingia. Na retina haina neva za maumivu. Mtu anaungua ndani ya jicho bila kusikia hata mchomo, kesho yake ndipo anagundua kwamba kila neno analosoma lina doa katikati.

Basi tuziweke kando kwa kando (urefu wa wimbi ndio unaoamua rangi ya mwanga):

| | Moduli nyekundu | Kijani | Zambarau | Diodi ya DVD ya kuandikia |
|---|---|---|---|---|
| Urefu wa wimbi | nanomita 650 | 532 au 520 | 405 | karibu 650–660 |
| Nguvu | hadi miliwati 5 | 5 kwa lebo, mara nyingi zaidi | 5 kwa moduli ndogo | mia na zaidi |
| Daraja | 3R | 3R kwa lebo, 3B mara nyingi | 3R | 3B |
| Mwangaza kwa jicho, kwa nguvu ileile | 1 | karibu 8 | chini ya 0.01 | 1 |

Mstari wa mwisho ndio unaowapoteza wengi. Jicho la mtu wakati wa mchana huona vizuri zaidi rangi ya kijani yenye kuelekea njano, karibu na nanomita 555. Kijani cha 532 kiko jirani, ndiyo maana miliwati 5 za kijani zinaonekana kama mara nane ya miliwati 5 za nyekundu. Zambarau iko mbali kabisa, karibu na ukingo ambapo jicho linaacha kuona. Nukta yake ukutani ni hafifu, na mtu anadhani amepata leza dhaifu. Nguvu inayoingia kwenye retina ni ileile.

Nyekundu: moduli au diodi tupu?

Hapa ndipo nakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo pa kuanzia na ndipo pana mengi ya kujifunza.

Nyekundu ni rahisi kwa sababu ya kihistoria. Leza ya kwanza kabisa, ya Theodore Maiman, iliyowaka Mei 1960 huko California, ilikuwa fimbo ya rubi iliyozungushiwa taa ya mmweko. Kitu cha maabara. Diodi za leza zilikuja mwaka 1962, lakini zilishuka bei baada ya watu duniani kununua CD na DVD kwa mamilioni. Kiwanda kinachotengeneza diodi nyekundu nyingi namna hiyo kinaweza kukuuzia moja kwa bei ya sahani ya wali maharage. Kwa kawaida za kwangu zinakuja na basi kutoka Kariakoo, na mara nyingine nauli ya kifurushi inazidi bei ya moduli yenyewe. Agizeni watu watatu wanne pamoja.

Moduli ni diodi, lenzi, na kibao kidogo chenye rezista ya kubana mkondo, vyote ndani ya kibomba cha shaba. Waya nyekundu chanya, waya nyeusi hasi, unaunganisha inawaka. Diodi tupu ni kikopo cha milimita 5.6 chenye miguu mitatu: mmoja wa diodi, mmoja wa fotodiodi ndogo iliyomo ndani inayopima mwanga, na mmoja wa pamoja. Utatafuta lenzi mwenyewe, utatengeneza mahali pa kuishika, utapanga mkondo wake mwenyewe.

Diodi tupu inafundisha zaidi. Pia inakufa haraka zaidi. Yangu ya kwanza niliiua Julai moja, usiku wa baridi, nimevaa sweta la nailoni. Niliiunganisha kwenye saketi iliyokwisha washwa, waya mmoja ukatingishika, ukagusa ukaacha ukagusa. Sikuona cheche wala moshi. Nukta iliyokuwa kali ukutani ikayeyuka ikawa ukungu mwekundu, kama kitaa cha redio ya mbao. Umeme wa mshtuko, hata ule tu wa sweta, unavunja uso mdogo wa kioo ndani ya diodi kwa muda usiohesabika, na baada ya hapo diodi inabaki kuwa taa ya kawaida. Hairudi. Tangu siku ile naunganisha kila kitu betri ikiwa nje, naweka kapasita sambamba na diodi, na nagusa chuma kilichozama ardhini kabla ya kushika mguu wa diodi.

Kama huna subira ya hayo, chukua moduli. Wala si aibu.

Sasa mkondo. Diodi nyekundu ya miliwati 5 hutaka karibu volti 2.2 na miliampia 25 hivi. Kuna njia mbili za kuipa. Ya kwanza ni rezista peke yake: betri tatu za AA zinatoa volti 4.5, ukitoa 2.2 inabaki 2.3, ukigawanya kwa ampia 0.025 unapata omu 92, na dukani kuna ya 91. Rahisi, na hata saketi ikikosewa kidogo haikuadhibu vikali. Kasoro yake ni kwamba betri ikichoka mkondo unashuka, na diodi ya leza ina kizingiti: chini ya kama miliampia 20 inaacha kuwa leza, inang'aa tu.

Njia ya pili ni LM317, ile IC ya miguu mitatu ambayo kila fundi redio anayo kwenye kopo. Ukiiunganisha kwa mtindo wa kushikilia mkondo, hesabu yake ni 1.25 gawanya kwa rezista. Omu 56 inatoa miliampia 22, omu 47 inatoa karibu 27. Anza na 56, kamwe usianze na 47, maana diodi hazifanani. Nguvu ya mwanga inabaki ileile hadi betri ziishe. Lakini LM317 nayo inakula: volti 1.25 kwenye rezista, na nyingine zaidi ya moja na nusu ndani yake. Ukijumlisha na 2.2 za diodi unafika volti 5 na kitu. Betri tatu hazitoshi, lazima nne. Kwa hiyo uchaguzi ni huu: rezista kwa leza fupi ya betri tatu inayofifia polepole, au LM317 kwa leza ndefu kidogo isiyofifia. Kwa kupimia vitu, chagua LM317. Kwa kuonyeshea ubaoni, rezista inatosha. Kwa moduli yenye rezista ndani usiongeze LM317 kabla ya kuitoa hiyo rezista.

Kuhusu betri nina neno moja tu la tahadhari kwa wanaopenda pawabenki. Moduli ya volti 5 inafaa kabisa kwenye USB kwa hesabu, ila pawabenki nyingi zinajizima baada ya sekunde kadhaa kwa kuwa miliampia 25 ni mzigo mdogo usiohesabika kwao. Nimeona mtu akitupa moduli nzima akidhani imekufa. Betri za AA zinakupa masaa mengi, zaidi ya sitini hata kwa za kawaida za alkalini. Vidonge vya LR44 vilivyomo kwenye kalamu za dukani vinaisha kwa saa chache.

Mwili wa leza? Bomba la PVC la nusu inchi. Moduli inazungushiwa ukanda wa tyubu ya baiskeli hadi ikabane, na unaweza kuinyoosha kwa kusukuma mpira upande mmoja. Kwa miliwati 5 joto si tatizo, hakuna haja ya chuma cha kupozea.

Watu wanauliza, ukishaiunda utafanyia nini kitu kisichochoma hata karatasi? Hiki hapa ninachowafanyia watoto wa jirani. Ng'oa unywele mmoja wa kichwa chako, ubandike wima mbele ya leza kwa selotepu, elekeza mwale kwenye ukuta mweupe ulio mita 2 mbele, zima taa. Ukutani hutaona kivuli cha unywele. Utaona mstari mwekundu umelala, umekatwakatwa na mapengo meusi, kama shanga zilizopangwa kwenye uzi. Pima kwa rula kutoka pengo moja hadi la pili, ukiiruka shanga kubwa ya katikati. Wangu ulitoa milimita 18. Chukua urefu wa wimbi, milimita 0.00065, zidisha kwa 2,000, gawanya kwa 18: milimita 0.072. Huo ndio unene wa unywele wangu, na nimeupima kwa rula ya shilingi mia tano. Mikromita ya fundi mashine hainipi furaha ile. Kwa jambo hili kijani na nyekundu zote zinafaa, ila nyekundu inatoa mapengo mapana zaidi, rahisi kupima.

Kijani: nzuri kuliko zote gizani, na yenye siri

Nikubali wazi: kwa kuonyesha nyota, nyekundu haifai. Mwale wake hauonekani hewani, unaona nukta tu inapogonga kitu, na angani hakuna cha kugonga. Kijani kinaonekana chote, fimbo nyembamba kutoka mkononi hadi juu, kwa kuwa jicho linakipenda na hewa inakitawanya zaidi. Watoto wa mtaani kwetu waliijua Kilimia kwa mwale wa kijani. Sisi tulio karibu na ikweta tunaona Msalaba wa Kusini na pia nyota za kaskazini, na mtu akinyoosha kidole kumi wanaangalia sehemu kumi.

Lakini kijani cha bei nafuu hakitoki kwenye diodi moja kwa moja. Ndani yake kuna diodi ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, ya nanomita 808. Hiyo inasukuma kioo cha kwanza (fuwele, si kioo cha kujitazamia), ambacho kinatoa infraredi nyingine ya 1064. Kioo cha pili kinaigawa 1064 mara mbili, ikawa 532, kijani. Njiani infraredi nyingi inabaki bila kubadilishwa. Kalamu nzuri ina kichujio cha kuizuia. Ya bei rahisi mara nyingi hawakukiweka, kwa sababu mnunuzi haoni tofauti.

Ndiyo siri yenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, walieleza kalamu ya kijani ya bei ya chini iliyotoa infraredi nyingi kuliko kijani chenyewe. Mwaka 2013 taasisi hiyohiyo ilitangaza kwamba ilipima kalamu 122, na karibu asilimia 90 ya za kijani hazikufuata viwango vya usalama vya Marekani. Za nyekundu zilizokosea zilikuwa karibu asilimia 44. Nyekundu nayo si malaika, lakini tofauti mnaiona. Na infraredi haimfumbishi mtu jicho, kwa sababu haioni.

Mimi niliuziwa moja sokoni, imeandikwa chini ya miliwati 5. Niliipima nyumbani na wewe unaweza. Chukua simu ya zamani, elekeza kamera ya mbele kwenye rimoti ya televisheni, bonyeza. Ukiona kitaa cha rimoti kinawaka kwenye skrini, kamera hiyo inaona infraredi. Halafu toboa tundu katikati ya karatasi nyeupe isiyong'aa, pitisha mwale kwenye tundu hilo, uugonge kwenye CD ya zamani iliyo nyuma ya karatasi. CD ina mistari iliyoachana kwa mikromita 1.6, inaupasua mwanga na kuurudisha kwenye karatasi kwa pembe tofauti. Kijani cha kwanza kinatoka kwenye nyuzi 19, cha pili karibu 42. Infraredi ya 808 inatoka kwenye nyuzi 30, katikati ya kijani viwili, mahali ambapo macho yako hayaoni chochote. (Ile ya 1064 inaangukia palepale kijani cha pili, kwa kuwa ni mara mbili ya 532, hivyo haitenganishiki kwa njia hii.) CD inaurudisha mwale kama kioo cha kujitazamia, kwa hiyo karatasi iwe pana, watoto wawe nje, na utazame kupitia skrini ya simu, usichungulie upande wa CD.

Kwangu, pale kwenye nyuzi 30, simu ilionyesha doa jeupe lililokoza kuliko la kijani. Nilikaa kimya muda mrefu. Kalamu ile ilikuwa imeshashikwa na watoto wangu wawili. Nimeitoa betri na kuivunja.

Kuna jambo jingine linalowahusu wa Arusha kuliko sisi wa chini huku. Kijani cha aina hii kinategemea joto. Diodi ya 808 inahama wimbi lake jotoridi linapobadilika, na kioo cha kwanza kinachagua sana wimbi kinalokubali kunywa. Asubuhi ya Julai pale Sakina au Njiro, kalamu ya kijani iliyolala nje itatoa mwanga hafifu hadi uipashe mkononi. Huku Moshi, mchana wa Februari, ileile inaweza kuwaka zaidi ya ilivyoandikwa. Nyekundu haina madeko hayo.

Kama moyo wako uko kwenye nyota na huwezi kuuhamisha, ongeza pesa ununue moduli ya nanomita 520. Hiyo ni diodi ya kijani ya moja kwa moja, haina infraredi ndani, haina vioo vya kupashwa. Inataka karibu volti 5 au zaidi kwa diodi yenyewe, kwa hiyo LM317 na betri nne havitatosha, utahitaji zaidi. Ni ghali mara kadhaa ya nyekundu. Ninailipia bila kinyongo.

Zambarau

Hapa sina mengi. Moduli ya 405 ya miliwati 5 ina raha moja kubwa: inawasha vitu vingine. Maji ya toniki yanageuka bluu kwa ajili ya kwinini iliyomo, wino wa kalamu za kupigia mstari unawaka. Kwa mwalimu wa kemia ni hazina. Kwa mwingine, mwangaza wake dhaifu unamshawishi atafute yenye nguvu zaidi, na hapo ndipo anapoingia 3B bila kujua. Diodi za bluu za 445 zilizoanza kutolewa kwenye projekta mwaka 2010 zina wati nzima kila moja, hilo ni daraja la 4, na si kitu cha kushikwa mkononi nyumbani.

Ile ya draivu ya DVD

Mtoto wa dada yangu alikuja Jumamosi moja na draivu kwapani.

"Shikamoo mjomba. Nimeipata!"

"Marahaba baba. Umepata nini?"

"Ya kuandikia, siyo ya kusoma tu. Kuna jamaa kwenye video anapasua puto nayo."

"Macho yake uliyaona?"

"Amevaa miwani."

"Ya rangi gani?"

Hakuangalia. Na rangi ndiyo habari yote. Miwani ya leza imetengenezwa kwa wimbi moja au machache: ya kuzuia nyekundu huwa ya bluu au kijani, ya kuzuia kijani huwa ya chungwa au nyekundu. Imeandikwa namba ya OD kwa wimbi husika, OD 4 maana yake inapita sehemu moja kati ya elfu kumi. Miwani ya jua na ya kuchomelea vyuma haina hesabu hiyo. Miwani ya kweli ya leza inagharimu mara nyingi kuliko draivu ya bure, basi ile bei nafuu ambayo ndiyo sifa ya njia hii imekwisha hapo hapo.

Kuna hesabu nyingine nilimwandikia kwenye kadibodi. Kioo cha kawaida cha dirisha hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga kwa kila uso. Moduli ya miliwati 5 ikigonga dirisha, inayokurudia ni miliwati 0.2, chini kabisa ya daraja la 2. Diodi ya DVD ya miliwati 200 ikigonga dirisha hilohilo, inayokurudia ni miliwati 8. Yaani kivuli cha leza ile, kilichorudi kutoka kwenye kabati la vyombo, saa ya ukutani au kioo cha simu, kina nguvu kuliko leza yangu nzima ikielekezwa moja kwa moja. Na anayekaa upande wa kabati la vyombo ni mama yake, hana miwani yoyote.

Halafu draivu ya kuandikia ina leza mbili. Nyekundu ni ya DVD. Ya CD ni ya nanomita 780, infraredi, nayo ni ya kuandikia, kwa hiyo ina nguvu. Mara nyingine zote mbili zimekaa kwenye kikopo kimoja. Ukikosea mguu, unawasha ile usiyoiona, unadhani haijawaka, na unainama kuichungulia.

Nasema kwa uchungu kwa sababu ni wazo la kijana mwenye akili, anayetaka kutumia taka badala ya kununua. Simzuii kutumia taka. Draivu hiyo ina mota ndogo ya hatua inayosogeza kichwa, ina reli mbili za chuma zilizonyooka vizuri, ina lenzi. Mimi na yeye tuliitoa mota, tukaiacha diodi ndani ya kizimba chake, tukakikata waya.

Kununua kalamu iliyokwisha undwa

Kama unachotaka ni nukta tu ya kuonyeshea, nunua. Kalamu nyekundu yenye jina la kampuni inayojulikana, daraja la 2, ni salama kuliko chochote tutakachounda mimi na wewe. Kujiunda hakuokoi pesa nyingi ukihesabu betri, solda na nauli. Kunakupa kujua nini kimo ndani, na uwezo wa kukitengeneza kikiharibika.

Pa kuijaribia, na ndege za KIA

Ndani ya nyumba, elekeza kwenye kadibodi ya kahawia isiyong'aa, kimo cha kiuno, kamwe si kimo cha macho ya mtu aliyesimama wala mtoto aliyeketi. Akipigwa mtu na mwale akabaki na doa linaloganda zaidi ya saa kadhaa, mpeleke idara ya macho ya hospitali ya KCMC, na mwende na leza yenyewe ili daktari ajue wimbi na nguvu.

Nje kuna jambo zito zaidi. Uwanja wa ndege wa KIA uko katikati ya Arusha na Moshi, na Arusha wana pia uwanja wa Kisongo. Ndege za jioni zinashuka juu ya vichwa vyetu sote. Leza ya kijani ya miliwati 5 inaweza kudhuru jicho ndani ya mita 16 hivi, na mtu akisikia hivyo anaona ndege iko mbali. Lakini rubani anashusha ndege gizani, macho yameshazoea giza, na mwale ule umeshapanuka na unatawanyika kwenye kioo chote cha mbele. Kumpofusha kwa muda kunawezekana hadi karibu mita 80, kumwaka machoni hadi zaidi ya mita 350, na kumtoa mawazo hadi kilomita 3 na nusu. Nyekundu ya nguvu ileile inamfikia karibu theluthi ya umbali huo, jambo jingine linaloipa nyekundu uzito kwangu.

Kwa hiyo kwenye swichi sina mjadala, hata kwa anayechagua 520 kwa ajili ya nyota. Usiweke swichi ya kuwasha ikakaa. Weka kitufe cha kubonyeza, kinachozima kidole kikiachia. Tunapotoka uwanjani na watoto baada ya saa mbili usiku, mmoja wao kazi yake ni kusikiliza. Akisema "ndege", naachia kidole, na tunangoja gizani hadi taa zake zipotee nyuma ya migomba.